Vigingi Mlivyoving'oa Bandarini

Tangu Klementina arudi kutoka hospitali Ifakara, naona nyinyi vijana wa kijiweni mmebadilisha namna ya kuniamkia. Zamani mlipita na pikipiki zenu mkitupa "shikamoo babu" huku mmeshanipita, nabaki naliitikia vumbi. Siku hizi mnasimama. Mnazima injini, mnaweka mikono nyuma. Shikamoo babu. Marahaba. Naitikia kwa sababu nililelewa hivyo, msije mkadhani moyo umepoa. Haujapoa. Nina hasira na nyinyi, na nimeamua kuziandika, maana nikizisema kwa mdomo presha inapanda na mwanangu Filberti ananinyamazisha.

Basi tulieni. Mimi ni Gaspari, kwenu Babu Gaspa, na kazi yangu tangu ujana mpaka bega hili la kulia lilipogoma ilikuwa kuchonga na kusimika vigingi. Sisemi nguzo za nyumba wala miti ya kukaushia samaki. Nasema vigingi vya kuzuia: kumzuia kiboko asiingie kwenye mpunga, kumzuia nguruwe pori asifukue mihogo, kumzuia mamba asimfikie mtu bandarini. Nimesimika kuanzia huku kwetu Mbingu hadi Mngeta na Chita, na ng'ambo ya mto nako nimefika. Mgeni akisikia bandari anafikiria meli. Bandari yetu ni pale mteremko unapofika majini, watu wanachota, wanafua, wanafunga mitumbwi. Na kizimba ni ua wa vigingi uliosimikwa ndani ya maji hapo hapo, umezunguka mahali pa kuchotea, ili mtu awe ndani na mamba awe nje.

Mwaka huu mto ulipopungua, Filberti na wenzake walisimika kizimba kipya. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikiwaelekeza, maana mikono imestaafu lakini mdomo bado. Kabla vigingi havijazoea maji, mkaja mchana kweupe, kundi zima, Eliya mbele yenu. Mkaving'oa vyote, mkavirundika mchangani, mkavichoma moto. Siku chache baadaye mkamwana wangu Klementina, mke wa Filberti, akashuka kuchota maji. Alirudi hana mkono wa kushoto kuanzia kwenye kiwiko.

Nimeandika kwa ufupi kwa sababu nikirefusha sasa hivi nitavunja kalamu. Acha nianze na kazi yenyewe, labda mtaelewa mlichoma nini.

Aliyenifundisha ni Mzee Damasi, Mndamba wa kandokando ya mto, mtu mfupi mwenye maneno makali, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza nilikwenda kwake nimejiandaa kuonyesha nguvu. Nikalichukua gogo la kupigilia, lile la mishikio miwili, nikakishukia kigingi mpaka kichwa chake kikapasuka vipande. Damasi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi anatafuna muwa. Akaniuliza, "Kimekukosea nini?" Kisha akainuka, akachukua kigingi kingine, akakisimamisha kwenye mchanga wa majini, akawa anakitikisa taratibu, kushoto na kulia, huku amekiegemea kwa kifua na kumwagia maji kwenye shina. Kigingi kikazama chenyewe mpaka nikadhani chini kuna mtu anakivuta. Gogo lilikuja mwisho, kukikaza tu.

Kigingi kilichozamishwa hivyo mchanga unakikumbatia pande zote, hakitoki kwa mkono mtupu. Ndiyo maana siku ile mlitokwa jasho. Nasikia mlileta kamba mkafunga kwenye pikipiki, zikavuta mpaka tairi zikatoa moshi. Nguvu hizo mngezileta wakati Filberti anahangaika kutafuta watu wa kubeba miti, ningewaita wanangu na chai ningewanywesha.

Mti nao una mambo yake. Vigingi vya majini tulichonga kwa mkambala, ule ambao hata mchwa anaupisha. Siku hizi mkambala umeishia kwenye magunia ya mkaa, tunatumia mitiki, nayo si mibaya ukichagua iliyokomaa. Mirunda ya mikaratusi myembamba msiniletee, hiyo ni ya kujengea jukwaa la harusi. Ncha unaichonga, halafu unaipitisha motoni mpaka ngozi yake iwe nyeusi na ngumu, lakini uitoe kabla haijawa mkaa. Na usichomeke mti mbichi usioujua. Mimi niliwahi kuzungushia shamba la mpunga la mama mmoja kule Mngeta vigingi vya mkuyu, vibichi, nikajisifu kwamba kazi imekwenda haraka. Masika ikaja, vigingi vikachipua. Majani yakafunga, matawi yakatoka, ndege wakapata pa kulala. Kiboko kweli hakuingia. Mpunga ukaliwa na ndege. Yule mama aliponiona njiani aliniita "bwana miti" mpaka alipohama.

Nafasi kati ya kigingi na kigingi ilikuwa na kipimo chake: ngumi ipite, kichwa cha mbwa kisipite. Damasi alikuwa na mbwa wa kupimia, mwembamba, mwenye pua ndefu, jina lake Karani. Kazi ikiisha, Damasi anatupa kipande cha samaki upande wa pili, anamwachia Karani. Karani anakagua nafasi moja baada ya nyingine kwa utaratibu kabisa, anasukuma pua, anapima, anasonga mbele. Akipitisha kichwa tu, tunang'oa na kuanza upya, hata kama jua limezama na matumbo yanaunguruma. Nilimchukia yule mbwa kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Alipokufa tulimzika vizuri, na Damasi alinuna kwa muda mrefu.

Tena vigingi vya mtoni haviwi wima kama askari wa gwaride. Unavilaza kidogo kuelekea maji yanakokwenda, ili magugu na magogo ya masika yapande juu yake yapite, yasigande na kubomoa ua mzima. Misumari hatutumii, inapasua mti na kuota kutu. Tulifunga fito za kulala kwa kamba za magome. Siku hizi tunafunga kwa mipira ya ndani ya tairi za baiskeli, na nakiri kwamba mpira ni bora, maana unavutika maji yakisukuma na unarudi yakitulia. Vilevile nimeona vizimba vya chuma kilichochomelewa, na sina ugomvi navyo. Chuma kikija bandarini kwetu nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini hakijaja, na kisima cha pampu mnajua wenyewe kilivyo, ukipiga mpini unapata hewa. Watu wanakunywa maji ya mto. Kwa hiyo ni vigingi.

Nawaambia jambo jingine la Damasi. Kulikuwa na tajiri mmoja wa mpunga upande wa Chita, alitaka tumchongee vigingi vyenye ncha juu, tuvilaze kuelekea nje, ili kiboko akija ajichome. Damasi akakataa. Yule bwana akamcheka, akatafuta watu wengine. Kiboko akaja kweli, akajichoma ubavuni, na hakufa. Akakaa na kidonda chake kwenye matete ya pembeni, akawa anamfukuza kila anayekanyaga pale, wa mpunga na wa kuni na wa kwenda kanisani. Mavuno yakapita hakuna aliyethubutu kushika mundu. Tulipopita pale Damasi aliangalia mpunga ukipukutika, akaniambia, "Gaspari, sisi tunamkatalia mnyama. Hatumchokozi." Sijawahi kuchonga ncha ya juu maisha yangu yote.

Mnaona ni kazi ya wazee washamba. Haya, nani kati yenu anajua kwamba bonde hili liliishi ndani ya vigingi? Damasi alisimuliwa na babu yake, na babu yake aliyaona kwa macho. Enzi za uvamizi, kabla Mjerumani hajafika, watu wa huku bondeni walikuwa wakishukiwa na wapiganaji kutoka milimani na kutoka kusini, wanachukua ng'ombe, mpunga, wanawake na watoto. Kijiji kilichokuwa na akili kilijizungushia miti, safu mbili, katikati miiba. Safu ya nje ilikuwa ya mti mkavu, ya ndani ya mti unaochipua, ili ya nje ikioza ya ndani iwe imeshakuwa ukuta wenye mizizi. Mlango ulikuwa wa vigingi vinavyochomolewa asubuhi na kurudishwa jioni, na kurudisha vigingi ilikuwa kazi ya watu maalumu, haikuachiwa kila mtu. Mwenye zamu akivisahau, alikuwa amewauza wenzake.

Ule ua ndio ulioitwa boma. Mjerumani naye alipokuja akajijengea boma lake la kumlinda yeye na bunduki zake, serikali ikakaa humo, na mpaka leo mtu akienda kufuatilia cheti anasema anakwenda bomani. Damasi alikuwa akicheka sana kwa hilo. Alisema babu zake walikuwa wakikimbilia ndani ya boma, sasa wajukuu wanapanga foleni nje yake.

Neno hilo limehama, nalo halina madhara. Neno lililonitia hasira ni hili la kwangu, kigingi. Nimekaa nalo kwa heshima miaka yote. Mama akimwambia mtoto "usivuke kigingi," mtoto alijua kuna mamba. Nikaanza kulisikia redioni likitumika vingine. Mtu kanyimwa mkopo, kawekewa kigingi. Mgombea kapanda jukwaani, anaahidi kuondoa vigingi vyote vya maendeleo, na watu wanashangilia. Mimi nikiwa nimesimama pale na gogo langu begani nikajiuliza huyu bwana ana ugomvi gani na mimi. Halafu yakaja mambo ya mipaka, zile alama za zege zinazowekwa kuonyesha eneo la watu linaishia wapi na eneo la wanyama linaanzia wapi. Nazo zikaitwa vigingi. Hapo neno likaoza kabisa. Kijana wa leo akisikia kigingi haoni mamba, anaona kuhamishwa.

Hofu hiyo siidharau, msije mkasema babu haelewi. Nami nina shamba kule chini. Nami nikiona gari geni limesimama barabarani na watu wananyooshea mto kidole, nasimama hapo mpaka liondoke. Kwa hofu siwalaumu.

Nawalaumu kwa lililofuata. Filberti alipokuwa akiandaa vigingi, kila kimoja alikipiga mstari mwekundu. Ni alama ya kina: kigingi kizame mpaka mstari ufike mchangani, usipofika hakijakaa. Damasi alitumia ngeu, udongo mwekundu, na mimi nikamfuata. Mwaka huu mwenye duka la vifaa pale barabarani alitupa rangi iliyobaki kwenye kopo, ikawa nyekundu ya kung'aa. Filberti akavisimamisha vigingi kwenye mchanga kwanza, kwenye mstari mrefu, vikauke rangi kabla ya kuvizamisha. Mwenzenu mmoja akapita na abiria kwenye pikipiki, akaona miti imepangwa kando ya mto na rangi nyekundu, rangi ile ile inayochorwa kwenye nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Akafika kijiweni akasema, "Vigingi vimeshawekwa mtoni." Basi. Hakuna uongo hapo hata neno moja. Vigingi kweli vilikuwa vimewekwa mtoni.

Mkakaa nalo kijiweni mkaliivisha. Mpaka linawafika wote, vigingi vilikuwa vimeshahamia majini, vimefungwa fito, wanawake wameshaanza kuchotea ndani yake. Hamkuja kuangalia. Mngeangalia mngeona ua umezunguka ndoo. Mlikuja na nyimbo.

Nilikuwa nyumbani napukuchua mahindi nikasikia "Hatutoki! Hatutoki!" kutoka bandarini. Nikadhani ni mpira umeisha, au mgombea amekuja. Nikaendelea. Kisha nikaona moshi. Nilipofika na fimbo yangu, kizimba hakuna. Maji yamechafuka, mashimo ya vigingi yanajaa mchanga, na mitiki ya Filberti inawaka huku rangi inatoa harufu. Eliya akanijia anatabasamu, shati limelowa, akanishika bega, tena hili bovu. Akasema, "Babu, lala usingizi. Tumeving'oa vyote. Hapa hahami mtu."

Nikamwambia, "Eliya, hivyo ni vya mamba."

Akacheka. Alidhani natania. Akasema, "Mamba wenyewe ndio hao hao wa mipaka, babu," wenzake wakashangilia, mkapanda pikipiki mkaondoka. Mlinipongeza kwa kuharibiwa kazi yangu. Nilikaa chini mchangani mpaka Filberti akaja kuninyanyua.

Tuliwaambia wanawake siku hiyo hiyo wasiingie majini, wachotee kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu. Ndiyo njia ya dharura, na Klementina aliifuata. Ila kopo lilichomoka kwenye mti likaelea karibu na ukingo. Akainama kulifuata. Alichoniambia ni kwamba hakuona kitu, aliona kopo tu. Waliokuwa naye walimshika miguu wakamvuta, wakampigia kelele mamba na kumtupia ndoo, na mmoja wao ana mimba kubwa. Hao ndio waliotetea kijiji. Sikuona kijiwe kikiwaimbia.

Sasa kikao. Wengine wenu hamkuja, kwa hiyo nawasimulia. Klementina alikuwa amerudi kutoka Ifakara, mkono umefungwa, amekonda, lakini alikataa kukaa nyumbani. Mwenyekiti wa kijiji akafungua, akazunguka, akazunguka tena, halafu akasema, "Wananchi, tuwe wakweli. Ile rangi nyekundu ndiyo iliyoleta mkanganyiko."

Nikasimama. Filberti akanivuta koti, nikaliacha koti mkononi mwake. Nikasema, "Mwenyekiti, mtu akivunja mlango wangu kwa sababu hakuupenda mlio wa bawaba, tutaikamata bawaba? Nyumba yangu mnaijua. Eliya anaijua, anachaji simu hapo kwangu. Angekuja akaniuliza, babu, ile miti ni ya nini? Ningemjibu hata mdomo umejaa ugali."

Eliya akanyoosha mkono. Akasimama ameinamisha kichwa. "Babu, wazee, shikamooni. Sisi tulisikia vigingi. Tungejuaje?"

"Mngeuliza," nikamwambia.

"Tuliona muda hautoshi."

"Mlipata muda wa kutunga wimbo!"

Watu wakacheka, nikazidi kukasirika, maana halikuwa jambo la kuchekesha. Hapo Klementina akainuka. Akasalimia wazee kwanza, kama kawaida yake, kisha akasema, "Mimi mamba simlaumu. Mamba hana simu, hakuitwa kwenye kikao chochote. Alikuta pako wazi. Eliya mdogo wangu, ulikuwa unamtetea nani siku ile?"

"Kijiji, dada."

"Kijiji ni nani?"

"Ni sisi wote."

"Mimi nimo?"

Eliya akafuta uso kwa kiganja.

"Nauliza kwa sababu wewe nyumbani kwenu hujawahi kushuka bandarini na ndoo. Anashuka mama yako. Anashuka dada yako. Mkeo ukioa atashuka. Ungekuwa unachota, ungekijua kile kizimba, maana ungekuwa umesimama ndani yake. Hukukijua kwa sababu maji unayakuta kwenye mtungi." Akavuta pumzi, maana bado anachoka haraka. "Sasa mimi nimemaliza kuchota, kila mtu anaona. Na wenzangu tumeongea. Kuanzia kesho hashuki mwanamke. Waliong'oa ndio watachota, ya nyumba zote, mpaka kizimba kisimame."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mabati yakalia. Wanaume wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja rika langu akasema si desturi mwanaume kubeba ndoo kichwani. Klementina akamgeukia akamwambia kwa adabu zote, "Baba, aibebe mkononi. Mimi sasa ndivyo nitakavyobeba." Mwenyekiti akafunga kikao.

Jioni yake Eliya alikuja kwangu na wenzenu wachache. Hawakuja na pikipiki, walikuja kwa miguu. Wakaomba niwafundishe kusimika. Niliwaacha wamesimama uani kwa muda, na sijutii. Nilitaka kuwafukuza. Ukweli ni kwamba kila nikimtazama Eliya nasikia lile neno lake, lala usingizi babu, na mkono wangu unatafuta fimbo. Lakini mto haungojei niwe tayari kusamehe. Masika ikianza maji yatapanda mpaka kwenye mteremko, na mamba watapanda nayo, na hapo huwezi tena kuzamisha kigingi hata uwe na jeshi. Kabla ya hapo lazima kizimba kiwe kimekaa. Filberti peke yake hawezi, ana mgonjwa ndani na watoto. Kwa hiyo nikawaambia nitawafundisha, ila msitegemee nitawachekea.

Na sijawachekea. Wanajua. Wamekata mitiki, wamechonga ncha, wameunguza, na nusu ya ncha nimezikataa. Mmoja alinijibu, "Babu, hii si inatosha?" nikamwonyesha Klementina aliyekuwa amekaa barazani anajifunza kumenya muhogo kwa mkono mmoja huku ameubana kwa miguu. Akaichukua ncha yake akaenda kuichonga upya. Rangi tumetumia ile ile nyekundu. Walitaka tubadilishe iwe bluu. Nikakataa. Nataka kila mtu wa kijiji hiki aone mstari mwekundu ajue maana yake, na asiyejua aje aulize.

Nimalizie na asubuhi ya kwanza ya kuchota, kesho yake baada ya kikao, kizimba bado hakipo, kwa sababu hiyo ndiyo ninayotaka mkumbuke. Wanawake walikuwa wamesimama juu ya mteremko, na ndoo tupu zimepangwa; kopo la mti mrefu, tangu limponze Klementina, hakuna aliyeligusa tena. Mimi na Filberti tulikuwa chini na miti mirefu, tunapiga maji kushoto na kulia kumfukuza aliyejificha. Eliya akashuka wa kwanza. Nasema haki, hakungoja kusukumwa. Alishika ndoo ya mama yake kwa mikono yote miwili, akafika kwenye mchanga uliolowa, akasimama. Pale kwenye maji hakuna alama yoyote. Yanatulia, yanang'aa, huoni kitu.

Akanigeukia. "Babu, nachota wapi?"

"Pale pale anapochota mama yako."

Akapiga hatua, akachovya ndoo huku shingo ameigeuzia kwetu, akaichomoa kwa kasi, akapanda mteremko mbio mpaka akaanguka magoti mbele ya wanawake. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Nikamfuata polepole na fimbo yangu nikachungulia ndani ya ndoo. Maji hayakufika hata nusu.

Nikamwambia, "Haya hayatoshi hata ugali. Mama yako hujaza. Rudi."